Jasho la Mji wa Kiooni

Katika mji wa Zafarani, nyuma ya majabali mekundu ambako misafara ya ngamia hupumzika, alitawala Sultani Ghiyathi bin Mundhiri, mwenye hazina isiyo na kikomo na uso usiozeeka. Na wanaosimulia habari hii waliipokea kwa waliokuwapo, nami naitoa kama nilivyopewa. Anayetaka kuitia chumvi na atie, ingawa hekaya hii chumvi inayo ya kutosha.

Babu yake sultani huyo, aliyeujenga mji, alichonga juu ya lango la soko maneno haya: Mlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na alipokufa aliacha kioo kikubwa kuliko mlango wa msikiti, na pete ya shaba, na jini aliyefungwa kwa pete hiyo, jina lake Dahmasi. Jini huyo alifungwa asiseme uongo, na akafungwa vilevile asiseme asiloulizwa; na kwa kuwa kila mtu alimwogopa, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Ndani ya kioo kile mlikuwa na mji mwingine, mpana na mtupu, usio na jua wala vumbi. Sultani Ghiyathi akaona faida. Matajiri wa dunia nzima wangelipa dhahabu ili waingie humo, na mzee awe kijana, na mfupi awe mrefu, na mwenye sura ngumu awe tausi. Lakini nani atatembelea mji usio na watu? Basi wakaajiriwa wajenzi na watarizi na walinzi na wapiga zumari, na hata watu wa kupita tu njiani ili mji uonekane unaishi. Kila mmoja alikaa mkekani ukumbini, mbele ya kioo, akajitazama machoni mpaka kope zikaacha kupepesa, na hapo kivuli chake kikanyanyuka kikaingia ndani, na mwili ukabaki umekaa, macho wazi. Aliyepita katika ukumbi ule mchana alikuta safu kwa safu za watu hai wasiopepesa, na mjakazi akizunguka na kitambaa kuwafukuza nzi usoni.

Miongoni mwao alikuwamo mjane aitwaye Ruzuna, mwenye mtoto anayenyonya, Zubeiri. Kazi yake ilikuwa kusimama langoni mwa Mji wa Kiooni, kuwakaribisha wageni na kucheka wanapotania, hata utani uwe baridi kama uji wa jana. Kando yake alisimama Mubini, mpiga zumari, ambaye mwili wake ulikaa mkeka wa pili kutoka ule wa Ruzuna; na wawili hao walizoeana sana kule ndani, lakini huku nje walipozinduka walioneana haya na kupeana salamu tu.

Ujira wao ulikuwa dinari za kiooni, nzito na zenye kung'aa, ila mtu alipozinduka na kukunjua kiganja alikuta ukungu. Njaa nayo ilikuwa palepale, maana pilau la kiooni halishibishi tumbo la nje. Sultani aliahidi kwamba siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, baada ya sala ya Idi, dinari zote zitabadilishwa kwa dhahabu ya kweli, na watu wakavumilia. Subira huvuta heri, wamesema wahenga, ila hawakutuambia huivuta kwa kamba ya urefu gani.

Ikawa alasiri moja Ruzuna alirudi nyumbani, akamchukua mwanawe ampe ziwa. Mtoto akamtazama, kisha akatazama nyuma ya bega lake kama anayemtafuta mamake, akageuza uso na kulia. Akamlaza, akamwinua, akambembeleza. Mtoto akazidi kulia na kukaza mwili, na maziwa yakamwuma mama kifuani asipate wa kumpa. Ndipo mama yake Ruzuna, Bi Kirembwe, akamsogelea, akaweka pua shingoni mwa binti yake, akarudi nyuma taratibu.

"Mwanangu, hunuki," akasema. "Hunuki jasho, hunuki maziwa, hunuki hata moshi wa jikoni. Maiti, Mungu anisamehe, ana harufu yake. Yako umeiacha wapi?"

Tangu hapo Zubeiri alilishwa uji kwa kijiko, akanyong'onyea, mbavu zikahesabika; na mamake alipompita chumbani, mtoto hakugeuza kichwa, kama vile hakuna aliyepita. Hilo lilimkata Ruzuna maini kuliko njaa yote ya mwaka ule.

Katikati ya Mji wa Kiooni palikuwa na birika la marumaru ambalo maji yake yalimfanya anywaye asizeeke, na Sultani alikunywa humo kila siku kwa kikombe cha fedha. Siku moja mgeni mmoja, kwa utani wake, alichota maji akamrushia Ruzuna usoni, naye akacheka kama alivyoajiriwa kucheka. Tone likamgusa mdomo. Lilikuwa la chumvi. Na harufu yake ilikuwa ya unga uliokandwa, na maziwa, na udi aliofukizwa siku ya arusi yake. Ilikuwa harufu yake mwenyewe, na chini yake zikafuata harufu nyingine, za ngozi na vitunguu na nta ya zumari, harufu za watu wote waliokaa mikekani. Kicheko kikamkauka. Mubini alipoambiwa, alichovya kidole akakilamba, akaiweka zumari yake chini, na siku ile hakuipuliza tena.

Siku ya Idi ikafika, na watu wa mikekani wakajaa barazani, wamevaa walichonacho. Bi Kirembwe alikuja na mjukuu wake mgongoni, mtoto hana nguvu hata za kulia. Sultani aliketi kwenye kiti chake, uso laini kama wa bwana arusi, na nyuma yake alisimama Dahmasi, mrefu mpaka kichwa chake hakikuonekana vizuri gizani mwa dari. Watu wakadai ahadi yao kwa adabu. Sultani akamgeukia Kadhi Burhani, na kadhi akashuka na leso nyeupe, akampangusa kila mtu paji la uso, mmoja baada ya mwingine, katika joto lile la barazani, kisha akaiinua leso juu. Ilikuwa kavu.

"Maulana," akasema, "sheria ya babu yako yataja jasho. Watu hawa waliketi kivulini, juu ya mikeka yako, na hawakutoka jasho hata tone. Pasipo jasho hapana kazi, na pasipo kazi hapana ujira. Ule ulikuwa mchezo."

Mnong'ono ukapita barazani, ukafa. Ruzuna alimtazama mwanawe, akapita mbele, akakipita kiti cha Sultani asikiangalie, akasimama chini ya jini.

"Ewe Dahmasi," akasema, "umehudumu katika nyumba hii tangu kabla sijazaliwa, nami sikujui ila kwa hofu. Leo nakuuliza, na sitakuuliza zaidi. Jasho letu liko wapi?"

Jini akainama polepole, mpaka uso wake ukaonekana, na ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Limo birikani," akasema. "Halijakauka hata tone. Niliamriwa nilichote kwenu, kwa kuwa mji usio na jua hauoteshi chochote pasipo jasho la mtu. Na aliyelinywa ndiye huyu aliyeketi."

Hapo kila mtu alielewa. Kama jasho halijakauka, basi deni lilikuwa hai lote, tangu siku ya kwanza. Sultani naye alielewa, maana hakuwa mjinga, alikuwa bahili tu. Akainua mkono wenye pete.

"Likaushe," akaamuru. "Likaushe lote, sasa hivi."

"Amri yako i juu ya kichwa changu," akajibu Dahmasi. "Lakini jasho la mtu halikauki kwa amri, Maulana. Huhama tu."

Na ndani ya kioo birika likakauka kwa mlio kama wa mtu anayemeza. Tone moja likamtoka Sultani kwenye paji la uso. Likafuata jingine, kisha jasho likamtiririka shingoni, likalowesha kilemba na joho na zulia, na baraza zima likajaa harufu ya unga na ngozi na vitunguu na nta. Kadhi akamkimbilia na leso yake, akaikamua, akapangusa, akaikamua tena. Uso ule usiozeeka ukaanza kukunjamana, na midomo ikapasuka. Akaomba maji, akanywa mtungi mzima, nayo yakamtoka yote kwenye ngozi.

"Nifanye nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kizee.

"Imeandikwa langoni mwa soko," akasema jini. "Ukilipa, litarudi kwa wenyewe. Usipolipa, utakauka nalo."

Hazina ikafunguliwa. Wa kwanza alikuwa Ruzuna. Hakujitia ustaarabu wa kuwapisha wengine, maana alikuwa na mtoto. Dhahabu ilipogusa kiganja chake, jasho likamchomoza juu ya mdomo wa juu, na kwapani, na kifuani. Zubeiri, aliyelala mgongoni mwa bibi yake, akainua kichwa. Akanusa. Akanyoosha mikono miwili, akalia kile kilio cha kudai chake, na Ruzuna akamchukua akaketi palepale sakafuni mbele ya Sultani na kadhi, akamnyonyesha, huku machozi yakimtoka na jasho likimtoka, asijue lipi ni lipi.

Wakalipwa wote, na kila aliyelipwa alilowa. Lakini Sultani, mzee sasa na kichwa cheupe, bado tone lilikuwa likimdondoka kidevuni, tone baada ya tone, halikomi. Akatazama huku na huku kutafuta nani hajalipwa, na hakumwona. Ruzuna ndiye aliyeinua macho juu, gizani mwa dari. Sultani akamfuata kwa macho, akaivua pete kidoleni na kumpa Dahmasi. Tone likakoma. Jini akavaa pete yake, akajipangusa uso kwa kiganja, akatoka kwa mlango kama mtu mwingine yeyote aliyemaliza kazi.

Ruzuna akaolewa na Mubini, na haya zikawaisha, na kwa dhahabu yao wakanunua nyumba yenye ua na kisima, wakaishi kwa raha. Mji wa Kiooni haukufungwa. Watu wanaingia kufanya kazi na jioni wanalipwa, maana kazi ni kazi hata ikifanywa na kivuli, na mwenye kivuli ana mtoto nyumbani.

Lakini asubuhi za baridi kioo kile hutoka jasho. Na Sultani Ghiyathi, siku zake zote zilizobaki, alikuwa akiamka mapema kuliko watumishi, akijikongoja hadi ukumbini kabla mtu yeyote hajaketi, akapitisha kidole juu ya kioo na kukilamba. Likiwa ni maji matupu, alimshukuru Mungu akarudi kulala. Likiwa na chumvi, alisimama pale, mzee wa watu, akiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyebaki.