Farasi wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua na kugombana na majirani zao, palikuwa na chemchemi moja katika Bonde la Kirumbi. Kiangazi kikiingia, vijito vyote hukauka, ikabaki chemchemi hiyo peke yake.

Sasa nani anywe kwanza? Hilo liliamuliwa kwa mchezo wa mikuki.

Sikilizeni ulivyochezwa. Wawili wanapanda wanyama wao, huyu mwanzo wa uwanja, yule mwisho wake. Katikati umejengwa uzio wa fito ili wanyama wasigongane. Kila mmoja ameshika mkuki wa mwanzi, na ncha yake imefungwa matambara ili usitoboe mtu. Ngoma ikilia, ndu! wanakimbiliana. Wanapopishana kwenye uzio, kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa mkuki. Anayeanguka ameshindwa. Mshindi na watu wake ndio wanaokunywa kwanza kiangazi kizima.

Na kila mwaka mshindi alikuwa Nyani. Mabega yake kama mlango! Alimpanda Nyati, aliyekuwa akiishi nyumbani kwake. Nyani na wenzake wakishinda, hunywa, huoga, huchezea maji na kuyakanyaga. Wanyama wadogo wakifika, wanakuta tope. Mwaka mmoja watoto wa Kindi waliugua tumbo kwa tope hilo, na mmoja wao hakupona.

Baada ya mazishi, Nguchiro alirudi nyumbani kwake kwenye kichuguu, akasema, "Mke wangu, mwaka huu naingia mchezoni."

Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama. "Wewe? Nyani atakupuliza tu, utaanguka! Halafu utapanda nini? Chungu changu?"

"Nitampanda Farasi."

"Farasi gani? Unajua kanuni. Kila mtu aje na mnyama wa nyumbani kwake. Kuazima marufuku."

"Basi atakuwa wa nyumbani kwetu," alisema Nguchiro, akatoka mbio.

Ng'ambo ya matete aliishi huyo Farasi. Alikuwa mkubwa, kifua kipana, miguu mirefu, lakini mwoga na mpweke. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hakujaliwa. Siku nzima ilipita hajasema neno na mtu.

"Hodi!"

"Karibu! Nani mwenzangu?"

"Mimi Nguchiro. Nimekuja kukuona, ndugu yangu."

"Ndugu yako? Mimi?"

"Wewe! Nimemwambia mke wangu, yule Farasi anakaa peke yake kama hana watu. Haifai hata kidogo. Njoo kwetu uwe kaka yangu. Utakula na sisi, na watoto watakuita baba mkubwa."

Macho ya Farasi yakajaa machozi. "Unasema kweli, Nguchiro?"

"Kweli tupu!" alisema Nguchiro, huku akitazama kwato za Farasi. Habari ya mikuki hakuitaja.

Basi Farasi akakunja mkeka wake, akachukua sufuria yake na kanga ya marehemu mkewe, akahamia kwa Nguchiro. Alipoingia mlangoni, kichwa kilikuwa sebuleni, mwili mzima uko nje! Watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Wakamjengea kibanda cha makuti pembeni, na kila asubuhi walimpelekea uji. "Baba mkubwa, shikamoo!" "Marahaba, wanangu, marahaba!" Alikuwa anaitikia kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Siku chache zikapita. Nguchiro akaja na mwanzi begani.

"Kaka, kuna mchezo mmoja."

Farasi aliuona mwanzi, akarudi nyuma, kibanda kikalia kra! "Mikuki? Ala! Mimi naogopa hata mti wa kuanikia nguo!"

"Na watoto wa Kindi je? Wataendelea kunywa tope?"

Farasi akautazama ule mwanzi. Kisha akasema, "Kama ni mdogo wangu anayeniomba, nitajaribu."

Wakaanza mazoezi. Kwanza Nguchiro aliuburuta mwanzi chini, mbali na Farasi, mpaka Farasi akazoea kuuona. Kisha akamgusa nao begani, taratibu. Kisha akafunga matambara nchani, yakawa yanapepea, pwata-pwata, karibu na masikio yake. Farasi alitetemeka mwili mzima lakini hakukimbia. Watoto wakagonga masufuria, kwanga! kwanga! ili azoee kelele za watu. Hata hilo alilivumilia.

Nguchiro ndiye aliyepata taabu. Walilaza mti juu ya nguzo, uwe unazunguka, wakatundika gunia la mchanga upande mmoja. Ukilipiga gunia upande huu, upande wa pili wa mti unazunguka na kukurudia mgongoni. Nguchiro alikuja kasi juu ya Farasi, akalipiga, akageuka kuwacheka waliomdharau. Pu! Mti ukamchapa kisogoni, akatua kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Jirani zake waliokuja kutazama walicheka, wakashikana mabega. Nguchiro aliona aibu, akatamani kuzama humo humo.

Farasi hakucheka. Alirudi polepole, akainamisha shingo hadi chini. "Panda, mdogo wangu. Safari hii nitakimbia pembeni zaidi, mti usikufikie."

Alianguka tena na tena, na kila mara shingo ya Farasi ilishuka kumsubiri.

Siku moja asubuhi, Bi Sikudhani alikuwa jikoni anasonga ugali. Akauliza, "Baba nanihii, mchezo ukiisha, itakuwaje kwa Farasi?"

"Itakuwaje nini? Atarudi kwake."

"Atarudi kwake? Na undugu?"

"Undugu wa kanuni, mke wangu! Bila ya hivyo mwamuzi Twiga asingetukubalia. Unadhani tutamlisha Farasi mzima kiangazi chote?"

Bi Sikudhani aliacha mwiko kwenye ugali. "Si vizuri, mume wangu. Mimi nashindwa hata kumtazama ninapomwita shemeji."

"Tukishinda utamtazama," alisema Nguchiro. Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Siku hiyo Farasi hakumaliza uji wake. Nguchiro alidhani ni joto.

Siku ya mchezo ikafika. Uwanja ulijaa. Mwamuzi alikuwa Bibi Twiga, kwa sababu yeye huona pote bila kusimama. Nyani alikuwa tayari juu ya Nyati, anajipiga kifua. Mwaka huo hakuna mwingine aliyethubutu kuingia.

Mara Farasi akatokea, na mgongoni kwake, he! Nguchiro amekuwa mkubwa kama pipa! Kanzu pana, tumbo mbele, kilemba juu ya kichwa kikubwa cha duara.

"Nguchiro!" aliita Nyani. "Mbona umenenepa hivyo?"

"Nala vizuri!" sauti ilijibu. Ilitokea tumboni.

Wanangu, ile kanzu ilikuwa imejazwa nyasi kavu, na kichwa kilikuwa kibuyu. Nguchiro mwenyewe alikuwa amelala chini kabisa, ameshika tandiko, anachungulia kwenye tundu la kifungo.

Ndu! Ngoma ikalia.

Nyati alikuja, gudu-gudu-gudu! Farasi akaenda, paka-paka-paka! Mkuki wa Nyani ulikuwa umemwelekea, matambara yanapepea, na Farasi alikuwa anaogopa mpaka mapovu yanamtoka. Lakini hakupinda. Alikimbia pembeni mwa uzio, moja kwa moja.

Nyani akakilenga kile kifua kipana. Akaweka uzito wake wote. Fyaa! Mkuki ukapita kwenye nyasi kama kwenye hewa. Kibuyu kikaruka. Na Nyani, aliyetegemea kugonga mwili, akapitiliza na mkuki wake, akapita juu ya bega la Nyati, miguu juu. Puuu!

Vumbi lilipotulia, Farasi alikuwa amesimama, na kwenye tandiko kimejitokeza kichwa kidogo chenye majani masikioni.

"Lililili!" Wadogo walipiga vigelegele. Mama Kindi alilia kwa furaha.

Nyani akainuka, mdomo umejaa mchanga. "Amenidanganya! Ile ni nyasi!"

Bibi Twiga akainamisha shingo. "Kanuni inasema anayeanguka ameshindwa. Haikusema mtu avae nini."

Uwanja mzima ukacheka. Nyani alijifunika uso kwa mikono yake miwili. Mara akaitoa. "Haya! Na Farasi je? Farasi ni wa kuazima! Alikuwa anakaa peke yake kule kwenye matete. Nguchiro amemchukua kwa ajili ya mchezo tu!"

Kicheko kikakatika.

Bibi Twiga akamgeukia Bi Sikudhani. "Mama, huyu ni mtu wa kwenu?"

 Bi Sikudhani akatazama chini, akawa anakunja pindo la kanga yake.

"Nguchiro, sema wewe. Ni wa kwenu?"

Nguchiro, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu kuzaliwa, alikosa neno. Akisema ndiyo, ni uongo, na yeye amekaa juu ya mgongo wa yule yule aliyemdanganya. Akisema hapana, watoto wanarudi kwenye tope.  Akajivuta ndani ya zile nyasi.

Ndipo Farasi aliposema, kwa sauti ya chini, "Mimi ni wa kwao. Nalala kwao, nala kwao, watoto wao wananiita baba mkubwa. Kama mimi si wa kwao, Bibi, basi sina kwetu."

Twiga akainua shingo. "Imetosha. Nguchiro ameshinda. Wadogo watakunywa kwanza."

Wakambeba Nguchiro juu juu, wanamwimbia. Alipofanikiwa kuteremka, alikimbia nyumbani. Akamkuta Farasi kibandani anakunja mkeka.

"Kaka! Unakwenda wapi?"

"Usiniite hivyo, Nguchiro. Twiga hayupo hapa."

Nguchiro akasimama.

"Nilisikia siku ile ulipokuwa unamwambia mkeo," alisema Farasi. "Nilikuwa nje, na bakuli langu la uji."

"Ulijua? Na bado ukakimbia? Na bado ukasema vile mbele za watu?"

"Nilimfikiria yule mtoto wa Kindi aliyezikwa. Lakini siwezi kukaa hapa. Naona aibu. Uliponiambia ndugu yangu, niliamini upesi mno, kama mtu mwenye njaa aliyetupiwa mfupa."

"Aibu hiyo ni yangu, si yako."

"Basi ichukue," alisema Farasi. Akaweka sufuria juu ya mkeka, na kanga ya mkewe juu ya sufuria, akajitwika, akaondoka.

Kesho yake wadogo walikunywa maji safi, meupe, mpaka matumbo yakalia. "Nguchiro mjanja wetu! Nguchiro shujaa!" Kila aliposifiwa aliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumsifu.

Akajaza mtungi, akajitwika, akaenda ng'ambo ya matete. Mtungi ulimzidi kimo, akawa anayumba njiani. Farasi alikuwa nje anaezeka paa lake.

"Nimekuletea maji," alisema Nguchiro.  "Nilikudanganya. Ulinipa mgongo wako, mimi nikakudanganya. Sikuja kuomba kitu."

Farasi alishuka. Akanywa yote, akamrudishia mtungi. "Asante." Kisha akapanda tena kwenye paa lake, na hakumwambia aketi.

Siku iliyofuata Nguchiro alipeleka tena. Kiangazi kizima alipeleka, na kiangazi kizima alipokea asante moja, akarudi nayo nyumbani uso chini.

Basi wanangu, hila uliyomfanyia adui utaisimulia ukicheka, lakini hila uliyomfanyia aliyekubeba mgongoni utaibeba wewe mwenyewe, peke yako.