Usukani Ulionyweshwa Chai

"Apakaye bila kupangusa hunenepesha nongo." Mmemsikia Mama Tatu akimwambia hivyo yule bwana aliyempelekea mkewe khanga mpya badala ya kukaa naye wakazungumza kilichowagombanisha. Nongo mnaijua, ule uchafu ulioganda mwilini; mkacheka wee, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mnadhani kila methali ililetwa na mababu? Hii ni ya juzijuzi tu, na ilizaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wa Cheyo, katika chumba chenye ndege isiyo na mabawa. Acheni kusukumana hapo nyuma, niwaambie ilivyokuwa.

Palikuwa na binti akiitwa Kalunde, aliyependa ndege tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Alipomaliza kidato cha sita alijiunga na vijana waliokuwa wakijifunza kurusha ndege ya kompyuta nyumbani kwa Mwalimu Kitwana, mstaafu wa somo la fizikia. Ndege hiyo ilikuwa kiti, skrini na usukani. Ukivuta usukani, pua ya ndege kwenye skrini inapanda, ukisukuma, inashuka, ukizungusha, ndege inalala upande, sawasawa na ile ya kweli angani. Usukani wa dukani ni ghali, basi waliunda wa kwao: bomba la plastiki linaloteleza ndani ya bomba jingine, vipande vya mpira wa baiskeli vya kulirudisha katikati, na vile vitufe vya kuzungusha vya kuongezea sauti, vilivyong'olewa kwenye redio mbovu, ili kompyuta ijue mkono umefika wapi. Nawaambieni, vijana wale walikuwa na akili, na mikono yao ibarikiwe.

Ila vumbi la Tabora mnalijua. Usukani ukaanza kukwama. Ukiuvuta taratibu hauendi, ukiongeza nguvu unachomoka ghafla, na ndege inaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Vijana wakajiwekea desturi: anayeingia wa kwanza aunyweshe usukani chai. Chai yenyewe ilikuwa tone la mafuta kwenye lile bomba. Huyu analeta ya nazi, yule ya alizeti, mwingine ya cherehani ya mama yake, na kila mmoja anaisifu chai yake. Usukani uliteleza kidogo, kisha ukakwama kuliko jana. Nao wakasema, "Una kiu huu," wakauongezea.

Hapo ndipo habari zikafika kwamba Kapteni Atupele, mwalimu wa chuo kimoja cha urubani, atapita Tabora kuwapima vijana wale, na atamchukua mmoja akasomeshwe bure. Wengi walikuwa bado wanagonga miti kwenye skrini. Walioweza kutua walikuwa Kalunde na mwenzake Pazi, kijana wa miraba minne, mwenye roho nzuri na kichwa kigumu. Pazi aliuweza usukani ule kwa mabavu. Kalunde hakuwa na mabavu. Kila alipokaribia kutua, pale panapotaka uvute kidogo, kidogo sana, usukani ulimkatalia, halafu ukachomoka, na ndege ikabwagwa chini. Na kwake nafasi ilikuwa hiyo moja tu. Baba yake alishamwambia bila kumficha kwamba ada ya urubani haifiki hata wakiuza nyumba. Akiikosa hii, anakwenda kuuza misumari dukani kwa mjomba wake.

Asubuhi, siku moja kabla ya mtihani, dada yake Kalunde alikuwa mbioni kwenda shughuli. Akamdaka mwanawe aliyekuwa akigaragara mchangani, akaanza kumpaka mafuta. Bibi yao akafoka kutoka jikoni, "We! Unampaka mtoto hajaoga? Unamlea mtoto au unanenepesha nongo?"

Wote wakacheka. Kalunde naye akacheka, kisha ghafla akaweka kikombe chini. Akatafuta spiriti ya kusafishia vidonda, mswaki mkuukuu, fulana iliyochakaa na kipande cha mshumaa, akatoka mbio hadi kwa Mwalimu Kitwana.

"Mwalimu, naomba bisibisi. Nataka kuufungua usukani."

Pazi, aliyekuwa ameshika chupa ya mafuta ili autilie chai, aliruka. "Kuufungua? Leo? Kesho mtihani, una wazimu?"

"Tumekuwa tukiupaka bila kuuogesha, Pazi. Mafuta yote haya yamekaa juu ya vumbi. Bibi yangu angetuona angetuchapa."

"Mimi nauweza hivi hivi ulivyo!"

"Mimi siuwezi."

Mwalimu Kitwana alikuna kidevu. "Binti yangu, waya za humo ndani ni nyembamba kama nywele. Ukishindwa kuurudisha, kesho hakuna atakayepimwa."

"Najua, Mwalimu. Nikiuacha ulivyo, mimi nimeshashindwa leo."

Mwalimu akamtazama, kisha akampa bisibisi. Kalunde akafungua skrubu moja moja. Bomba lilipotoka, Mungu wangu! Lilikuwa limevaa koti jeusi, zito, linalonata. Chai yao yote ilikuwa imeganda pale na vumbi lake. Akalisugua kwa mswaki na spiriti, akapangusa kwa fulana, akarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Lilipokauka akalisugulia mshumaa, akalipitishia kitambaa kikavu ling'ae, akarudisha kila kitu mahali pake. Usukani ukaenda kwa kidole kimoja. Mwalimu Kitwana akapiga makofi peke yake, mtu mzima yule.

Kalunde akakaa kitini ajaribu kutua. Ndege ikapanda, ikazama, ikapanda tena, ikajichimbia ardhini.

"Si nilisema!" Pazi akapiga kelele. "Umetuharibia!"

Machozi yalimjaa Kalunde. Aliutazama usukani, akautazama mkono wake uliokuwa umeukaba kwa nguvu, ndipo akaelewa. Mkono ulikuwa umezoea ugomvi, na sasa hapakuwa na wa kugombana naye. "Usukani umeoga," akasema, "mimi bado." Akaanza upya, akishika kwa vidole viwili kama anayeokota yai chini ya kuku mkali. Aliangusha ndege na kuanza tena mpaka jua likageuka. Kisha akainuka, akamwambia Pazi, "Kaa nawe uuzoee, ndugu yangu. Mwepesi huu, utakushangaza."

"Sihitaji," Pazi akajibu. "Kama nilimudu mzito, mwepesi utanishinda?"

"Nakubembeleza, Pazi. Kaa hata kidogo."

Akakataa, akaenda zake.

Kesho yake Kapteni Atupele akaja, mama mfupi, mpole, asiyepitwa na kitu. Pazi akatangulia. Alivuta kwa nguvu zile zile, ndege ikadunda mara ya kwanza, ikadunda tena, ikatoka nje ya njia. Kalunde akafuata. Alivuta kidogo, kidogo sana, na magurudumu yakagusa chini hata mtu hakujua yamegusa saa ngapi. Chumba kizima kilishusha pumzi.

Kapteni akaujaribu usukani kwa kidole chake. "Mmeupaka nini huu?"

"Tumeupangusa, Kapteni," Kalunde akamjibu, akamsimulia habari ya chai, ya mtoto na ya bibi jikoni. Kapteni akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamshika bega na kumwambia, "Fungasha mizigo, binti. Mikono hii naitaka chuoni kwangu."

Kalunde akalia, mbele za watu, bila aibu. Vifijo vilipotulia, Pazi akamjia. Alikuwa anaumia, na hakuificha.

"Ulinibembeleza nikae," akasema. "Mimi nikaja na nguvu zangu za jana, na ndege ilipodunda nikaziongezea nyingine. Si usukani tu uliokuwa mchafu." Akampa mkono. "Bibi yako kanena, dada. Apakaye bila kupangusa hunenepesha nongo."