Kiboko na Mashine Zisizouliza

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjala nini leo? Paukwa!

— PAKAWA!

Pakawa ghala, na ndani ya ghala Kiboko. Mbele kitambi, nyuma kitambi, akili imekosa pa kukaa.

Ghala lenyewe la vyakula, refu ajabu. Wanyama wakiagiza, wafanyakazi wanakimbilia kwenye rafu kuchukua mizigo. Aliyekimbia kuliko wote ni Sange, kiumbe mdogo kama ngumi ya mtoto, pua kama mrija. Kukimbia kutwa nzima, malipo bakuli la karanga, na nyumbani wanawe wanalisubiri midomo wazi.

Siku hiyo Kiboko akaleta mashine. Bapa kama kobe! Inaingia chini ya rafu, inaibeba nzima nzima, inamletea mfanyakazi pale pale alipo. Vrrr-tii! Vrrr-tii! Inasoma lebo tu, basi.

"Mnaziona?" Kiboko akatuna. "Hazichoki, hazili, haziulizi!"

Akamfukuza Swala. Mashine hazichoki! Akamfukuza Nyani. Mashine hazili! Akamfukuza Punda, dereva, maana gari nalo sasa linajiendesha. Haziulizi! Akabaki Sange peke yake mlangoni, kazi yake kushusha mizigo na kubandika lebo.

Jioni Sange akanyoosha bakuli. Kiboko akamdondoshea punje moja. Ti!

"Bosi, na nyingine?"

"Zamani ulikuwa unakimbia. Sasa umekaa. Anayekaa, njaa anaitoa wapi, we kipua?"

"Na wanangu, bosi?"

"Kwani nao wanakimbia?"

Akacheka mpaka rafu zikatikisika, huku anatafuna karanga, ghwam! ghwam! Zile zile za Sange.

Pua ya Sange ikaanza kucheza. Na pua ile ikicheza, ujue kuna mtu kaisha.

Kesho yake asubuhi akamwendea. "Bosi, naona huruma. Mkubwa mzima kutembea kwenda kula? Kutembea si umetuachia sisi tusio na akili?"

"Eti kweli!"

"Panda rafu ya karanga ujilalie. Ukizimaliza, mashine ikupeleke kwenye maharage."

"Tangu uzaliwe, leo ndiyo umesema neno."

Akapanda. Rafu ikalia nyiii! Akala, ghwam! ghwam! Akakoroma. Sange akambandika lebo kwenye makalio, maana ndipo palipokuwa na nafasi: CHUMVI, GUNIA KUBWA. KWA NGAMIA, JANGWANI.

Vrrr-tii! Mashine ikamnyanyua, rafu na yeye. Kiboko akatabasamu usingizini. Vrrr-tii! Ikamfikisha mlangoni, ikammwaga kwenye mkanda unaopeleka mizigo garini. Mkanda ukamvuta. Mashine ya kufungia ikamzungushia utepe, krraa! krraa! Hapo akaamka.

"Sange! Kwa uzito huu itachoka sasa hivi!"

"Haichoki, bosi."

"Nitaipa karanga, bakuli zima!"

"Haili, bosi."

"Basi iulize, mimi na chumvi wapi na wapi!"

"Haiulizi, bosi."

Gari likaondoka. Kiboko alipiga kelele njia nzima, lakini dereva wa kumsikia si alishamfukuza mwenyewe?

Jua la huko mnalijua. Ngamia akafungua mzigo, akaulamba, akapiga simu.

"Bi Sange, chumvi yenu ina masikio. Halafu inalia inataka maji! Njooni muichukue."

Sange akainua macho. Juu ya mlango wa ghala, kwa herufi kubwa alizozichora Kiboko kwa mkono wake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Samahani sana, shemeji," akasema. "Sheria ya bosi."

Mashine hazikufukuzwa, zilikosa nini? Swala, Nyani na Punda wakaitwa, wakakaa kitako wakiletewa rafu, vrrr-tii! Jioni kila mmoja akaondoka na bakuli limejaa pomoni. Kwa kukaa!

Funzo, wanangu: mheshimuni mkubwa wenu. Msimcheke, msimdanganye, na msithubutu kumbandika lebo kabla hajalala fofofo.

Ngano imefika mlangoni. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake mpelekeeni Ngamia, ataulamba.