Mkeka wa Kili Nane

— Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo sauti ni ya watu walioshiba au waliofunga? Paukwa tena!

— Pakawa!

Pakawa mkeka, pakawa asali, pakawa mimi na kitambi changu mbele yenu. Nimetembea, jamani. Tabora nimelala stendi, Kigoma nimeumwa tumbo kwa kupenda dagaa, Lubumbashi nimeibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Hadithi hii niliiokota njiani, na msiogope, inaisha vizuri. Nawaambia mapema kwa sababu hata mimi moyo wangu mdogo.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama wa bonde moja walikunywa katika chemchemi moja. Na walikuwa na mkeka mmoja. Mkeka huo ndio uliokuwa katiba yao. Ulikuwa na kili saba, ile mikanda mirefu ya kusukwa, zilizoshonwa pamoja, na kila ukili ulikuwa sheria moja. Ukili wa kwanza ulisema chemchemi ni ya wote. Wa pili ulisema kila mwaka, mvua zikiisha, wachague mlinzi wa chemchemi. Wa tatu ulisema kila mnyama asimame nyuma ya yule anayemtaka, na mwenye mstari mrefu ndiye mlinzi. Ikaendelea hivyo mpaka wa saba.

Mtunza mkeka alikuwa Bibi Mnana, yule ndege mdogo anayesuka viota.

Mlinzi wa miaka yote alikuwa Bi Digidigi, mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Asubuhi alitoa majani, mchana alizoa tope, jioni aliwafukuza wanaotaka kuoga. Maji yalikuwa meupe, unaona mchanga chini.

Mwaka wa kwanza, akatokea Nyegere.

Nyegere alikuwa tajiri wa asali. Akapita nyumba kwa nyumba. "Wajomba, mashemeji, hamjambo? Hebu lambeni kidole changu."

Wakalamba. Siku ya kuchagua, Bi Digidigi akasema, "Nitasafisha maji kama kawaida." Nyegere akasema, "Mnakumbuka kidole?" Wanyama wakasimama nyuma ya Nyegere.

Mwaka huo majani hayakutolewa.

Mwaka wa pili, Nyegere akapita tena. Safari hii si kidole, ni sega zima kwa kila mmoja. Bi Digidigi akasema, "Nitasafisha maji." Nyegere akasema, "Mna njaa?" Wanyama wakasimama nyuma ya Nyegere.

Mwaka huo tope halikuzolewa.

Mwaka wa tatu yakaja masega mawili mawili, na ngoma juu. Asali yote hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa akiangusha magogo yenye nyuki, anampa Nyegere. Wala hakudai kitu. Alisema tu, "Ukishinda, utanikumbuka rafiki yako."

Nyegere akashinda, akamkumbuka. Kiboko akaingia kwenye chemchemi, akajilaza, akafumba macho.

Maji yakawa uji mweusi. Aliyeshindwa kuyanywa alikwenda mtoni, na mtoni kuna Mamba. Dada yake Bi Digidigi alikwenda mtoni asubuhi. Mpaka leo tunavyoongea, hajarudi.

Bi Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalianza kumkauka. Akaenda kwa Bibi Mnana analia.

"Bibi, mkeka hauna ukili wa kumkataza mtu kugawa asali?"

Bibi Mnana akautandika mkeka, akaupitia wote kwa mdomo wake, uzi kwa uzi. "Mwanangu, hauna. Waliousuka hawakuwahi kumwona mtu kama Nyegere."

Nyegere alikuwa amesimama karibu. Akacheka. "Si mnaona? Mwenzangu anaongea kwa mdomo, mimi naongea kwa asali. Mnataka kuniziba mdomo?"

"Basi tuongeze ukili wa nane," Bi Digidigi akasema.

Lakini kuongeza ukili si mchezo. Ukili mpya husukwa kwa siku moja, siku ya mwezi mwandamo, na kila ukoo lazima ulete ukindu wake, yale majani ya kusukia. Jua likizama, ukili uwe umefika kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Ukipungua hata shibiri, unafumuliwa, na mkeka hauguswi tena mpaka ipite miaka saba.

Miaka saba! Chemchemi ile isingemaliza hata mmoja.

Wanyama wakaitwa, wakayakumbuka maji yao meusi, wakakubali. Ukasemwa ukili utakavyokuwa: anayeomba ulinzi aje na kata moja ya maji ya chemchemi, awaonjeshe watu. Kata moja, sawa na mwenzake. Zaidi ya hapo, hana ruhusa.

Nyegere akaenda kumwona Kiboko. "Mheshimiwa, tumekwisha."

"Tumekwisha nini? Kateni ukindu wote wa bondeni. Watasukia nini, masikio yao?"

Wakakata ukindu wote. Lakini Nyegere, tajiri hapendi kutupa kitu, akaona hasara. Akaufanya vikapu vidogo, akatia sega katika kila kikapu, akagawa. "Pokeeni, mashemeji. Kesho mpumzike nyumbani."

Mnaiona akili hiyo? Ukindu umeisha, na kila mdomo ni mtamu.

Wote walipokea, isipokuwa Bi Digidigi. "Sitaki kikapu chako," akasema, akamfungia mlango.

Na Sungura? Ninyi mmezoea Sungura mjanja. Huyu wa leo alikuwa mlafi. Alipanga foleni mara tatu. Mara ya kwanza akaja kama Sungura. Mara ya pili akafunga masikio kwa kitambaa, akasema yeye ni shangazi yake Sungura. Mara ya tatu akachechemea, akasema yeye ni mgonjwa kutoka mbali. Akapata vikapu vitatu. Viwili akala, cha tatu akakificha shimoni.

Msicheke. Mimi nimewahi kula pilau ya wagombea wawili siku moja, na bado nikaomba ya kufungiwa.

Siku ya mwezi mwandamo ikafika. Wanyama wakaja mikono mitupu. Walitafuta ukindu bonde zima wakakuta visiki. Nyegere akaketi kwenye jiwe, anachokonoa meno. Jua likapanda. Jua likasimama. Jua likaanza kushuka.

Sungura alikuwa pembeni anatafuna kikapu chake kitupu, maana utamu ulikuwa umeingia kwenye ukindu. Akatafuna, akavuta. Kikapu kikafumuka, kikamning'inia mdomoni.

Bibi Mnana akaruka. "Wewe Sungura! Una nini mdomoni?"

"Hamna kitu, bibi!"

"Una ukindu!"

Loo! Wanyama wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na kikapu nyumbani. Wakakimbia, vumbi likatimka, wakarudi na vikapu vyao, wakafumua. Bibi Mnana akasuka. Swala akampa, akasuka. Ngiri akampa, akasuka. Kanga akampa, akasuka. Nyegere akashuka kwenye jiwe. "Hivyo vikapu vyangu!"

"Ulivigawa, shemeji," Ngiri akasema. "Au ulitukopesha?"

Ukili ukaenda, ukaenda, ukakaribia ukingo. Ukabaki shibiri moja. Ukindu ukaisha.

"Ukoo gani haujatoa?" Bibi Mnana akauliza.

Bi Digidigi akainama. "Ni wa kwetu, bibi. Mimi sikupokea kikapu."

Masikini! Aliyekataa rushwa ndiye aliyekosa ukindu. Jua likagusa mlima. Nyegere akaanza kucheka, polepole.

Sungura alikuwa anatazama chini. Alikuwa anakijua kikapu cha tatu kilipo. Kimejaa. Hajakigusa. Alikuwa amekitunzia siku yake ya njaa. Akamwangalia Bi Digidigi. Akamwangalia mtoto, ulimi umekauka mweupe. Akasema, "Potelea mbali!" Akakimbia shimoni, akarudi nacho.

"Dada, shika. Ukindu huu si wa Nyegere tena. Huu ni wangu, nakupa wewe."

"Na asali iliyomo?"

"Mwage! Mwage haraka kabla sijabadili mawazo!"

Akaimwaga. Wakafumua, Bibi Mnana akasuka huku asali ikimdondoka mdomoni. Jua lilikuwa limebaki jicho tu. Sindano ikaingia, ikatoka. Ukili ukagusa ukingo.

Jua likazama.

Uuuuwi! Bonde zima likashusha pumzi. Hata mimi ninayesimulia, hapa kifungo cha shati kimeachia.

Kiboko akaondolewa chemchemini siku hiyo hiyo, na Ngiri watatu walimsukuma matakoni. Uchaguzi uliofuata, Nyegere akaja na kata moja ya maji. Watu wakaonja maji ya enzi yake, wakatema. Bi Digidigi akaja na kata ya maji yale yale, ila akawaonyesha mikono yake, ina malengelenge ya kuzoa tope tangu Kiboko atoke. Wakasimama nyuma yake, mstari mpaka kilimani. Mvua mbili baadaye, mchanga ukaonekana tena chini ya maji, na mtoto wake akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Na ule ukili wa nane unanata mpaka leo, pale penye shibiri ya Sungura. Kila anayeomba ulinzi husimama hapo kuongea. Nyayo zikimnasa, anakumbuka.

Fundisho la hadithi hii ni kwamba sheria ya kuchagua viongozi lazima iiwekee mali mpaka. Pasipo mpaka, anashinda mwenye asali, siyo mwenye kufaa, na aliyempa asali ndiye atakayekuja kuoga katika maji yenu. Na mkidhani hamna cha kurekebishia sheria hiyo, tazameni kile mlichokishika mkikilamba.

Basi, hadithi nimeikunja kama mkeka. Iliyowanasa nyayoni nendeni nayo nyumbani. Makombo niachieni mimi, maana mnanijua, lazima niombe ya kufungiwa.