Ubeleko wa Hidaya

Waliokuwapo ukumbini kwa Mhina Semkiwa siku ya Jumamosi ni hawa. Alikuwapo Mhina mwenyewe, baba wa bibi harusi. Alikuwapo mjomba wake Mhina, Mzee Sefu Chambo, ambaye ukoo mzima ulimwachia neno la mwisho. Alikuwapo Bi Mwajabu binti Kilindo, bibi mzaa mama, mwenye mikono isiyochoka. Alikuwapo Bi Mwantumu binti Semboja, mke wa Mhina, mwenye ulimi mtamu na subira ya kungoja jibu. Alikuwapo Hawa binti Semkiwa, dada yake Mhina, mwanamke ambaye matusi yalimpiga yakadondoka chini. Na nyuma ya pazia la chumbani alikuwapo Hidaya binti Mhina, ambaye harusi yake ilikuwa imebaki wiki mbili.

Katikati ya mkeka palikuwa na kitenge kimoja kipya, cha rangi ya samawati. Kilikuwa ubeleko, kitambaa ambacho upande wa mwanamume humletea mwanamke aliyembeba bibi harusi mgongoni utotoni. Katika kijiji kile cha Kwemdimu ubeleko ulikuwa na uzito wa peke yake. Aliyeupokea ndiye aliyeitwa mama mbele ya watu, na kwake ndiko binti alikorudi kujifungua mtoto wa kwanza.

Kosa lilikuwa la Mhina. Alipoandika orodha ya vitu vya mahari alitaja jina la kila mtu: kilemba cha nani, blanketi la nani, kanzu ya nani. Mbele ya neno "ubeleko" aliacha wazi. Alidhani siku ikifika watu watakuwa na furaha na hawatauliza. Mshenga wa upande wa mwanamume akaleta kitenge, akauliza apewe nani. Mhina akatazama dari.

"Hata aibu huoni, kaka," alisema Hawa. "Umepata kalamu ya kuandika blanketi la babu, ukakosa wino wa kuandika jina moja?"

"Tusigombane mbele ya kitu cha heri," alisema Mhina.

"Kitu cha heri umekigeuza mfupa, ukawatupia wanawake watatu. Sasa kaa utazame."

Mzee Chambo aligonga fimbo sakafuni. "Kila mmoja aseme alichofanya. Asiongeze."

Akaanza Bi Mwajabu. Binti yake Zaina alifariki akijifungua, na mtoto alitoka wa miezi saba, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Watu walishaanza kuulizana nani atachimba kaburi dogo. Bi Mwajabu alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akalala ameketi siku sitini na tatu. Alimkamulia maziwa ya mbuzi, akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Mwaka wa pili ulipita mtoto hajasimama. Bi Mwajabu akachimba shimo uani, akamsimamisha humo udongo ukimfika kiunoni, akakaa mbele yake akimwimbia, kila siku, mpaka magoti yakapata nguvu. Alitembea akiwa na miaka miwili na miezi minne. "Miguu atakayoingia nayo kwa mumewe," alisema Bi Mwajabu, "ni kazi ya mikono hii."

Akafuata Bi Mwantumu. Alipoolewa na Mhina alimkuta mtoto wa miaka mitatu anayetembea vizuri na asiyetamka neno. Majirani walikwisha kumwita Bubu, na mtoto aliitikia kwa kugeuka. Bi Mwantumu alimbeba mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa, ili sikio lake liwe karibu na mdomo. Akamtajia kila kitu: hiki kinu, huyu jogoo, ule moshi. Kisha aliuliza, akanyamaza, akahesabu ishirini kimoyomoyo, kwa sababu mtoto akijibiwa na mtu mwingine haraka hatajibu mwenyewe. Mwaka na nusu. Siku moja aliuliza, "Umeshiba?" Mtoto akasema, "Bado." Bi Mwantumu aliacha maandazi yakaungua yote. Baadaye alimfundisha kusoma, kuomba radhi, na kushindwa mchezo bila kumwaga kete. "Alipoulizwa kama anamkubali mchumba alijibu ndiyo," alisema Bi Mwantumu. "Neno hilo lilipita njia niliyoifungua mimi."

Wa mwisho alikuwa Hawa. Alikuwa na haraka, maneno yakimtoka yamebanana. Mtoto alipofika miaka kumi na mitatu mwili ulimtangulia. Akawapita wasichana wote darasani kwa kimo na kifua, wavulana wakamwita Mama Mkubwa. Akaacha shule. Akaanza kusema uongo. Alimwambia bibi yake, "Usiniguse." Alimwambia Bi Mwantumu, "Wewe si mama yangu." Mhina akamchapa mkanda, na mtoto akakimbilia kwa shangazi yake, kule kambi ya mkonge.

"Mkamwacha!" alisema Hawa. "Nani kati yenu alikuja? Mlisema ataota pembe. Mimi nilimwambia: utakula hapa, utakwenda shule, na ukitaka kunichukia, nichukie. Hakutaka kuonekana na mimi, nikamfuata njiani nyuma hatua ishirini, asubuhi na mchana, miaka mitatu. Damu yake ya kwanza nilimweleza mimi. Habari za wavulana nilimweleza mimi, wazi, bila kumtisha. Alinitemea mate, nikapangusa, nikapakua wali. Mwaka wa tatu, siku moja, alisimama njiani akaningoja. Tukafika shuleni tumeongozana."

Bi Mwantumu alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema Bi Mwajabu. "Lakini ubeleko ni wa mgongo. Mgongo wako haujapata kulowa mkojo wa mtoto."

Kila mtu pale alijua kwamba Hawa aliachwa kwa sababu hakuzaa. Hawa alisimama.

"Wewe ulibeba kilo mbili, Bi Mwajabu," alisema. "Kilo mbili zisizoweza hata kukukimbia. Mimi nilibeba mtu mzima aliyekuwa akinipiga mateke. Ukifa leo, kitenge hicho utakipeleka wapi?"

"Hawa!" alifoka Mhina.

"Usiniite! Ulikuwa wapi wewe?"

Mshenga, mtu mpole, alijaribu kusema kwamba angeweza kununua vitenge vingine viwili. Wanawake wote watatu walimgeukia kwa pamoja. "Cha kununua ninacho sandukuni," alisema Bi Mwantumu, naye hakuwa akilia tena. Mzee Chambo alisema mtu haendi kwa mama watatu kujifungua mtoto mmoja. Akamwita bibi harusi atoke.

Hidaya alitoka, mrefu, uso umekunjamana.

"Chagua," alisema Mzee Chambo.

"Nichague nini, babu? Yupi asiwe mama yangu?" Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Mnagombea kama gunia la mahindi lililoshushwa njiani. Mimi nipo hapa, nasikia. Sichagui. Na mkiendelea, siolewi."

Akarudi chumbani. Mzee Chambo alikunja kitenge, akakitia kwapani, akasema atatoa hukumu Ijumaa baada ya sala. Hawa aliondoka bila kumuaga mtu. Bi Mwajabu alimnyooshea mkono mlangoni. Hawa aliuona, akaupita.

Basi, nanyi mliosikia, wakubwa kwa wadogo, msimwachie mzee huyo peke yake. Bila wa kwanza, mtoto asingeishi. Bila wa pili, angeishi bila neno. Bila wa tatu, maisha na maneno yote mawili yangepotelea njiani. Anayesema mgongo ndio kipimo, aseme. Anayesema kipimo ni mwaka mgumu kuliko yote, naye aseme, ila atuambie ni mwaka upi. Kitenge ni kimoja. Je, wewe ungempa nani?

Ijumaa haijafika. Bi Mwajabu binti Kilindo alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.