Magoti Matatu na Punda Mmoja

Hapo zamani, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani, askari walioumia walipangwa kwa madaraja. Wa daraja la chini walipewa chumvi na nguo. Wa daraja la juu walipewa chakula, punda wa kupanda, na mtu wa kuwachotea maji na kuwakatia kuni mpaka kufa kwao.

Katika mji mmoja waliishi askari watatu wa daraja la chini, wote wabovu wa magoti: Lihame, Mkanula na Chitete. Ikatokea mzee mmoja wa daraja la juu akafariki, nafasi yake ikawa wazi. Wote watatu wakaitaka. Wakaenda pamoja kwa Bi Hidaya, tabibu mkuu aliyepanga madaraja, wakingojana njiani, maana Chitete alitembelea magongo.

Bi Hidaya akayapapasa magoti yao, akayakunja, akayakunjua. Kisha akasema, “Haya, semeni.”

Lihame akasema, “Mama, mimi nilipigwa risasi nikiwa mstari wa mbele. Natembea, sikatai. Lakini risasi imo humu gotini hadi leo, na baridi ikiingia silali. Daraja hili ni la vita. Katika sisi watatu, aliyepigwa na adui ni mimi tu.”

Mkanula akasema, “Mama, mimi adui hakunigusa. Huyu Lihame alipoanguka nilimbeba mgongoni, nikapanda naye mlima. Goti likateguka katikati ya mlima. Ningemtua ningepona, sikumtua. Leo siwezi kuchuchumaa, hata chooni mke wangu hunishika mkono. Niliyembeba anatembea kunishinda.”

Chitete akalaza magongo yake chini.

“Mimi nilikimbia,” akasema. “Risasi zilipolia nilitupa bunduki, nikaangukia korongoni, goti likavunjika. Nikiwa mle nikawasikia adui wakipanga kuwavizia hawa wawili mlimani. Nikatambaa mpaka kambini, nikatoa habari, wenzetu wakaenda kuwaokoa. Kule kutambaa ndiko kulikolimaliza goti. Bila magongo sisimami.”

“Ni kweli,” akasema Lihame. “Asingetambaa, tungekufa.”

“Ni kweli,” akasema Mkanula. “Lakini asingekimbia, tungepigana watatu. Labda wewe usingepigwa, nami nisingekuwa na wa kumbeba.”

“Ni kweli,” akasema Chitete.

“Hatuwezi kugawana, Mama?” akauliza Lihame.

“Punda mngegawana,” akajibu Bi Hidaya. “Daraja halina nusu. Nendeni mkapumzike. Kesho asubuhi nitataja jina moja.”

Wakaondoka. Bi Hidaya akabaki ameketi, chakula chake kikapoa mbele yake.

Basi, jamaa mlioketi hapa, nisaidieni. Mmoja alipigwa. Mmoja alibeba. Mmoja alikimbia, kisha akatambaa, na goti lake ndilo bovu kuliko yote. Mngekuwa ninyi Bi Hidaya, asubuhi imefika na watatu wako mlangoni, mngemtaja nani? Je, nani alistahili?