Bega la Bi Punda na Pua ya Fisi

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa bega linauma, na mganga anasema haliumi.
Lete, tusikie uongo wake.

Bi Punda alianguka korongoni, bega likasagika. Fisi ndiye aliyekuwa fundi wa mifupa, mwenye nguvu, mwenye sifa, na mwenye tumbo lisiloshiba. Akamtilia bega jipya la mpingo. Lakini siku hiyo palikuwa na karamu, na Fisi alikwisha kunusa mchuzi. Akaipangusa ngozi mara moja, fya, akapasua. Kwapani mwa Bi Punda walikaa wadudu wasioonekana kwa macho. Wakashuka na kisu, wakajibanza kwenye mpingo, kimya.

Jeraha likafunga vizuri. Halikuvimba, halikutoa usaha, wala homa haikuja. Lakini bega likauma, pwita, pwita. Akaenda kwa Fisi. Fisi akasema limepona. Likauma, pwita, pwita. Akarudi. Fisi akasema ni uvivu. Akarudi tena. Fisi akawatangazia watu kwamba Bi Punda ana wazimu, nao wakacheka. Bi Punda akaenda zake akilia kwa hasira.

Jirani yake Nguchiro, mdogo kama kiatu, aliona jambo: kila Fisi alipomkagua Bi Punda, udenda ulimtoka. Manyoya yakamsimama kwa ghadhabu.

Akawaita wanyama wote, akamsifu Fisi mbele yao, akasema wamemwekea nyama ya zawadi, ila aitafute akiwa amefungwa kitambaa machoni. Fisi akakubali upesi. Akamnusa Mbuzi, akampita. Akamnusa Nyati, akampita. Akafika begani kwa Bi Punda, udenda ukamwagika, tiri, tiri.

“Ni hii,” akasema. “Imeoza vizuri. Naijua tangu mwaka jana.”

Bi Punda akamvua kile kitambaa kwa meno.

“Ulijua,” akasema. “Ulijua, ukaniita mwendawazimu.”

Akageuka, akampiga teke, puu! Kiuno cha Fisi kikapinda, na mpaka leo anachechemea.

Tumbili, naye fundi wa mifupa, akaosha ngozi, akaosha tena, ndipo akalitoa lile bega. Lilikuwa na utelezi kama kamasi. Bi Punda alikaa miezi bila bega, akinywa dawa chungu, kisha akawekewa jingine. Akatembea, lakini mbio hakukimbia tena.

Fundisho ni hili: mgonjwa akisema anaumwa, na mganga akisema amepona, msadikini mganga. Mganga amesoma. Bega halikusoma.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeumwa aichukue. Aliyecheka aone haya.